Mteja Akitaka Diski za Kaboni: Somo kwa Tunaouza Breki Mtandaoni

Somo la leo ni la wale tunaouza spea za magari kwa simu, ila hata wewe unayeuza pochi au vyombo soma tu. Suala ni lile lile la kuuza kitu chenye jina kubwa ambacho mteja amekiona kwenye video na hajawahi kukishika.

Mimi niko Morogoro. Siku hizi ujumbe wa namna hii naupata mara kwa mara: "Bosi, una diski za kaboni seramiki za Subaru?" Mwingine ana Altezza, mwingine Mark X. Vijana wameangalia video za magari ya mashindano, wameona diski nyeusi yenye madoadoa ndani ya rimu, basi na wao wanaitaka. Muuzaji mwenye haraka anajibu "zipo, weka oda", halafu ndiyo anaanza kuuliza Kariakoo kama zipo kweli. Mwingine anajibu "hatuna" na mteja anaondoka. Majibu yote mawili yanakupotezea hela. Ili ujibu vizuri lazima ujue kitu chenyewe ni nini.

Diski ya kawaida ya gari ni chuma cha kusubu. Nzito, bei nafuu, inavumilia, na ikilowa maji usiku asubuhi ina kutu ya juujuu inayofutika ukikanyaga breki mara mbili tatu. Diski ya kaboni seramiki ni kitu kingine kabisa. Wanachukua nyuzi za kaboni, wanazichanganya na gundi maalumu, wanazikandamiza kwenye kalibu, wanazichoma mpaka gundi igeuke kaboni, kisha wanaingiza silikoni iliyoyeyuka. Silikoni inayeyuka kwenye nyuzijoto 1,414, kwa hiyo hiyo si kazi ya gereji ya mtaani. Ile silikoni ikikutana na kaboni inageuka kuwa kitu kigumu sana, jamaa wa karibu wa msasa. Katikati wanafunga kofia ya aluminiamu kwa bolti. Porsche waliifunga kwenye 911 GT2 ya mwaka 2001, Ferrari wakafuata na Enzo mwaka 2002, na tangu hapo imekuwa breki ya magari ya bei mbaya.

Faida yake ni ipi? Wepesi kwanza. Kwa ukubwa ule ule, inakuja karibu nusu ya uzito wa diski ya chuma au chini zaidi. Haishiki kutu. Inavumilia joto kali bila kupinda. Dereva anayezunguka uwanja wa mashindano na kukanyaga breki kutoka spidi 250 kila dakika anaona tofauti.

Hasara zake huwa hazisemwi kwenye video. Ukingo wake unabanduka ukigongwa, hata kwa rimu wakati fundi wa matairi anabadilisha tairi, ndiyo maana wanaojua kazi hutumia pini ndefu za kuongozea rimu isiguse diski. Kokoto ikinasa kati ya diski na bati la kinga inakwangua. Pedi zake ni za kwake, huwezi kuweka zozote. Kujua kama zimekwisha nako ni kazi, maana nyingi hazipimwi kwa unene peke yake kama za chuma: zinapimwa uzito, na uzito wa mwisho umechorwa kwenye diski yenyewe. Sasa niambie gereji gani hapa Moro inavua diski na kuiweka kwenye mzani. Na rimu? Diski hizi mara nyingi ni kubwa, milimita 350, 380 na kuendelea, hazikai ndani ya rimu ya inchi 17 ya kijana wetu.

Bei sasa. Seti iliyotengenezwa na kampuni ya kuaminika, si ya kiwandani gari lilipotoka, inahesabiwa kwa maelfu ya dola, na nyingine zinavuka elfu kumi. Hapo hujasafirisha. Ukiagiza, ushuru unapigwa juu ya bei ya mzigo pamoja na usafiri na bima, halafu VAT asilimia 18 inakaa juu yake. Kuna watu hapa mjini wanaendesha gari ambalo zima, na matairi yake, halifiki hela hiyo.

Kwa hiyo ukiona mtu anatangaza "carbon ceramic original, pea moja, bei poa, mzigo upo", simama hapo hapo.

Nitawapa kisa kimoja. Kijana wa Kihonda ana Impreza STI, ile ya umbo la GDB. Alinunua mtandaoni pea ya diski za mbele kwa muuzaji mmoja ambaye simtaji, akaambiwa ni kaboni seramiki. Akaja kwangu kutafuta pedi zake. Akanituma picha: nyeusi, zina mchoro kama mkeka, zinapendeza kweli. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kabla sijakutafutia pedi, njoo nazo."

Alipokuja nilichukua sumaku ya spika mbovu ya redio, nikaigusisha kwenye uso wa diski, pale pedi inaposaga. Ikanasa kwa nguvu mpaka kuing'oa nikatumia kucha. Kaboni seramiki hainasi sumaku. Ila sikiliza vizuri hapo: usijaribie kwenye kofia ya katikati, kwa sababu aluminiamu nayo hainasi hata kwenye diski ya chuma ya vipande viwili, na ukigusa kwenye bolti zinaweza kunasa hata kwenye diski halisi. Jaribu kwenye uso wa kusagia tu.

Tukaenda kwa mama wa jirani anayeuza maharage na mchele, tukaomba mzani. Diski moja kilo kumi na kidogo. Ya kaboni ya ukubwa ule ingekuja tano hivi. Nikakwangua kidogo ukingoni kwa ufunguo, karatasi yenye mchoro wa mkeka ikajikunja kama stika ya daladala. Chini yake chuma.

Kijana alinyamaza, halafu akasema, "Kaka mkubwa, basi si tuziweke tu, chuma ni chuma?"

Hapo ndipo mtihani wa muuzaji ulipo, maana ningeweza kumuuzia pedi palepale na kuhesabu faida. Nikageuza diski kutafuta maandishi. Diski ya chuma iliyotengenezwa na mtu anayejulikana ina jina au alama ya mtengenezaji, na ina maandishi ya unene wa mwisho, MIN TH halafu namba. Diski mpya ya milimita 30 kwa kawaida mwisho wake ni 28. Hizi hazikuwa na chochote. Wala jina, wala unene, wala namba ya toleo. Chuma kisicho na baba wala mama. Na zaidi ya hapo, matundu ya bolti hayakuwa ya gari lake. Impreza STI za mwanzo zina matundu matano kwenye duara la milimita 100. Kuanzia toleo la 2005 wakahamia 114.3. Gari lake ni la 2006, diski zilikuwa za 100. Angeyalazimisha fundi kwa kuyapanua, na mafundi wa kulazimisha wapo.

Yule muuzaji alikuwa ameshamzuia WhatsApp.

Nikamuuliza swali ambalo nataka kila anayeuza spea alizoee: kilichokufanya utafute breki mpya ni nini? Usiulize anataka nini, hilo ameshalisema. Uliza gari linafanya nini. Akaniambia kila wiki anakwenda Iringa. Akishuka Kitonga pedali inakuwa laini, inazama, mara moja ilifika karibu na sakafu. Na kuna siku alipeleka watu Mgeta, wakati wa kurudi akasikia harufu ya kitu kinaungua na breki zikawa kama zimelala.

Jamani, hapo hakuna habari ya kaboni. Hapo kuna mtu ambaye yuko safari mbili tatu kutoka kwenye ajali.

Hebu tuweke hesabu kidogo, si ngumu. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Uluguru inapanda mpaka zaidi ya mita 2,600. Gari la tani moja na nusu likishuka mita 800 za wima, ile nguvu ya mteremko yote ikiishia kwenye breki, joto lake linatosha kuchemsha lita 35 za maji kutoka baridi mpaka yatokote. Karibu ndoo mbili kubwa. Joto hilo linaingia kwenye diski nne na pedi zake, kisha linahamia kwenye kalipa, na ndani ya kalipa kuna mafuta ya breki.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu hewani. Mapya ya DOT 3 yanachemka si chini ya nyuzijoto 205, DOT 4 si chini ya 230, DOT 5.1 si chini ya 260. Yakishanyonya maji, viwango hivyo vinashuka: 140 kwa DOT 3, 155 kwa DOT 4, 180 kwa DOT 5.1. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea. Ndiyo ile pedali inayozama. Unakanyaga, unabana mvuke, gari linaendelea na safari yake.

Tukafungua kopo la mafuta kwenye gari la kijana. Meusi kama chai ya rangi iliyolala. Hayajabadilishwa tangu gari litoke bandarini. Pedi zilikuwa zimeungua juu, zinang'aa kama kioo. Diski zake za zamani, zile za chuma zilizokuja na gari, fundi akazipima kwa kalipa ya kupimia: bado zilikuwa juu ya ile namba ya mwisho iliyoandikwa.

Nilimuuzia pedi za mbele na nyuma za kampuni inayojulikana na mafuta DOT 4 kopo mbili zilizofungwa, akamlipa fundi atoe mafuta yote ya zamani na hewa. Jumla haikufika robo ya alizolipia zile stika. Mpira mmoja wa breki wa mbele ulikuwa na ufa, nao ukabadilishwa. Nikamwambia na jambo la bure: ukishuka mlima, weka gia ndogo injini ikushikie gari, breki iwe ya kusaidia. Na pedi mpya usizikanyage kwa fujo siku ya kwanza, zizoeshe kwa kupunguza spidi taratibu mara kadhaa barabara ikiwa tupu, ukiziacha zipoe katikati.

Hakufurahi sana, niwe mkweli. Alitaka kitu cha Porsche, nimempa kopo la mafuta. Nikamwambia hata magari ya WRC yanayokimbia Safari Rally kule Naivasha yanatumia diski za chuma, hayatumii kaboni. Hapo akacheka kidogo. Baada ya wiki mbili akatuma sauti kutoka Ruaha Mbuyuni, ameshuka Kitonga nyuma ya malori, pedali imekaa juu muda wote. Tangu hapo ameniletea wateja wanne, na wote walianza na neno lile lile, "nimeambiwa wewe hudanganyi".

Sasa twende kwenye biashara yenyewe.

Kuna mkanganyiko mmoja unaotuchafulia jina. Pedi za seramiki na diski za kaboni seramiki si kitu kimoja. Pedi za seramiki ni pedi za kawaida tu zilizochanganywa na nyuzi za seramiki, zinafungwa kwenye diski ya chuma, hazipigi kelele sana na hazichafui rimu kwa vumbi jeusi. Ni bidhaa nzuri na ya bei ya kawaida. Lakini nimeona mtu anapiga picha boksi la pedi limeandikwa "ceramic" halafu chini anaandika "breki za carbon ceramic". Mwingine anauza yale makava mekundu ya plastiki ya kubandika juu ya kalipa, yameandikwa jina la kampuni kubwa ya Italia, na anaandika "kit ya breki". Kava ni pambo. Ukitaka kuuza pambo liuze kwa jina la pambo, wateja wapo tena wengi. Ila na lenyewe lijue: linafunika kalipa na kuzuia hewa, na mtu wa milimani hewa ndiyo anaihitaji.

Haya mambo si ya dhamiri tu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu aina na ubora wa bidhaa, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusika na mali bandia. Wanaosimamia ni FCC. Posti yako na ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi tosha, na umeutengeneza mwenyewe.

Kuhusu posti: ukitangaza diski, andika kipenyo, unene, idadi ya matundu na duara lake, za mbele au za nyuma, zina mianya ya hewa katikati au bapa. Piga picha ya yale maandishi ya unene wa mwisho kwa karibu, yasomeke. Ukimuuliza mteja gari lake, usiridhike na "Subaru" wala "Altezza". Mwombe picha ya bamba lenye namba ya chesesi. Altezza ya SXE10 na ya GXE10 zote ni Altezza mtaani, lakini ukiagiza kwa kubahatisha utarudisha mzigo kwa gharama yako. Na tuache huu ugonjwa wa "bei inboksi". Mtu anayetafuta breki ana haraka, akikosa bei anasogea kwa mwingine.

Diski za mtumba za Japani ni biashara nzuri, nami nauza, ila kwa vipimo. Kalipa ya kupimia inapatikana Kariakoo kwa bei ya kawaida, nunua. Ikiwa diski imebaki na nusu milimita kufika namba ya mwisho, usiiuze, hiyo ni chuma chakavu. Yenye nyufa kutoka kwenye matundu pia ni chuma chakavu. Wanaonunua kwa kilo wapo.

Mafuta ya breki usiyapime. Namaanisha lile zoea la kununua kopo kubwa na kugawa kwenye chupa za soda. Kopo likishafunguliwa linaanza kunyonya unyevu, na Moro masika yakikolea hewa yenyewe ni maji. Uza kopo lililofungwa, dogo kwa mtu mdogo, kubwa kwa mtu mkubwa. Halafu jina. Wengi wanayaita haidroliki, na jina hilo linaleta balaa, kwa sababu kuna mtu ataomba haidroliki na muuzaji atampa mafuta ya stelingi. Mafuta ya jamii hiyo yakiingia kwenye breki yanavimbisha mipira yote ya mfumo, na unabadilisha kila kitu chenye mpira kuanzia juu mpaka chini. Kwenye posti na kwenye risiti andika "mafuta ya breki DOT 4", si haidroliki.

Na kama kweli atakuja mteja mwenye Porsche au gari lililotoka kiwandani na kaboni seramiki? Wapo wachache, Dar zaidi kuliko huku. Huyo usimkimbie. Mwombe namba ya chesesi, mwombe picha ya diski ya zamani pande zote, mweleze kwamba utaagiza kwa malipo ya awali yasiyopungua gharama ya mzigo na usafiri, na mkubaliane kwa maandishi nani anabeba hasara ikifika imebanduka ukingo. Mzigo ukifika pima uzito mbele yake, pitisha sumaku, piga video. Faida yake ni kubwa, lakini mtaji unalala muda mrefu, na mimi binafsi napendelea hela inayozunguka: pedi, mafuta, mipira.

Mwisho ni kufunga mzigo, maana tunaotuma kwa basi kupitia Msamvu tunajua yanayotokea chini ya buti. Diski ya chuma haivunjiki kirahisi ila inavunja vya wenzake, na ikiangukia ukingo inaweza kupinda kidogo usione kwa macho, mteja akaja kulalamika usukani unatetemeka. Zifunge mbili uso kwa uso, katikati weka kadibodi nene, zungushia gunia au blanketi kuukuu, kisha boksi, kisha kamba ya pande zote mbili. Diski mpya zina mafuta ya kuzuia kutu, mwambie mteja fundi azifute kwa kisafishio cha breki kabla ya kufunga. Kopo la mafuta lisimame, kifuniko kizungushiwe selotepu, liingie kwenye mfuko wa plastiki peke yake, kwa sababu likivuja linakula rangi ya gari na ya begi la abiria. Andika juu ya boksi uzito wake na namba ya simu ya anayepokea. Gharama ya boksi na kamba iweke kwenye bei mapema, usimdai mteja mzigo ukiwa umeshafika stendi.